Kaburi la Baba Mkwe Kwenye Njia ya Barabara

Mama Viviane, nakusikiliza redioni kila Jumamosi nikichambua mboga za lengalenga, na sikudhani siku moja nitakuandikia mimi, lakini naomba unisaidie kwa sababu hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia jambo hili.

Baba mkwe wangu, muzee Ambroise, anaishi nasi hapa Bunia tangu vita vilipotufukuza Bule, naye ni mgonjwa, figo zimechoka, daktari ametwambia wazi tumrudishe nyumbani tumtunze tu. Kwao Bule mtu huzikwa kwenye uwanja wake, karibu na nyumba, na kaburi ndilo linaloonyesha kwamba hapa ni pa fulani, hakuna anayekuja kubishana, kwa hiyo muzee ametuomba tumzike hapa hapa kwenye parsele yetu, kiwanja tulichonunua, ili wajukuu wake wasifukuzwe tena. Mwenyewe alichagua nyuma, pembeni ya mti wa avoka, lakini mume wangu Floribert akamsihi achague mbele, karibu na njia, akamwambia, "Baba, kule mbele watu yote watakuwa wanapita wanakusalimia," na muzee akafurahi sana, sasa kila asubuhi ananiomba nimtolee kiti akae mahali pale.

Ukweli, Mama, ni huu. Mwaka jana watu wa urbanizme, ofisi ya mipango ya mji, walipita kwenye avenyi yetu wakapiga alama nyekundu kwenye ukuta, wakasema ile sehemu ya mbele ni ya barabara siku itakapopanuliwa, na ya mtaro wa maji, tusiweke kitu pale. Floribert akapaka chokaa juu ya alama, na muzee hakuona lolote kwa sababu alikuwa amelazwa. Juzi nilikuwa naanika nguo, nikamsikia Floribert akimwambia mdogo wake Dady huku anacheka, "Mashini inaweza vunja ukuta, lakini kaburi haiwezi. Tukimulalisha muzee pale, barabara itapinda yenyewe." Dady akauliza habari za mkuu wa mtaa, "Na shefu wa kartiye?" Akajibu, "Ule tulishaongea naye. Alisema parsele iko yetu, tufanye venye tunapenda."

Nimeumia, Mama. Mume wangu si mtu mbaya, anaogopa, kwa sababu sehemu ile ikichukuliwa huenda jiko letu linaondoka nayo, na hatuna pengine pa kwenda, lakini muzee namwosha kwa mikono yangu, yeye huniita mama, na kila nikimtolea kile kiti najiona mwongo. Tena kisima cha jirani yetu Musoki, ambacho sote tunachota, kiko chini kidogo ya pale. Nikimwambia muzee, nahofia ndoa yangu. Nikinyamaza, tutamzika njiani. Nifanye nini?

Jeannine, Bunia

Jeannine, pole. Kumuuguza mtu huku unamficha jambo ni kazi mbili, na naona ya pili ndiyo inayokumaliza. Lakini nikukemee kidogo: chokaa ile ilipopakwa ulikuwepo, ukanyamaza, kwa sababu na wewe ulitamani alama isiwepo. Nakuelewa. Ila alama iko kwenye plani ya mji, na huko hamkupaka chokaa.

Mumeo anadhani sheria za ujenzi ni ugomvi kati yake na watu wa urbanizme, na mwenye ujanja zaidi anashinda. Sivyo. Mvua ya Bunia unaijua, maji yakikosa mtaro yanaingia kwa watu. Njia ikizibwa, gari la wagonjwa halifiki, na mgonjwa mnaye ndani. Wala sheria hizo haziishii kwenye nyumba. Zinagusa kila mnachokiweka ardhini, choo, duka, karakana, na ndiyo, kaburi, hata kama parsele mmeinunua kwa jasho lenu. Maji ya chini yake mnakunywa pamoja na Musoki. Shefu wa kartiye apatanishe majirani, hiyo ndiyo kazi yake. Ruhusa ya kuzika katikati ya nyumba za watu si yake kuitoa. Na pale nyuma kwenye avoka nako hapana, usijidanganye. Mjini kuna makaburi yaliyotengwa.

Halafu nani aliwaambia mashini haigusi kaburi? Kaburi huhamishwa. Familia inaitwa, watu wanafukua, watoto wenu wanasimama hapo wanaangalia. Yule muzee aliyekimbia Bule akiwa hai mtamkimbiza tena akiwa amekufa, na safari hii si vita, ni mwanawe.

Anza na Floribert, leo hii, Dady asiwepo. Mwambie ulisikia. Usimtukane, mwambie tu kwamba katika mpango huo wewe haumo. Kisha nendeni wote wawili urbanizme, muombe waje wavute kamba muone barabara inaishia wapi hasa. Pengine jiko linabaki, na mmekuwa mkiogopa bure. Hapo hapo muulize njia ya kupata sertifika, yaani hati ya parsele. Mnachokitafuta kwa kaburi, yaani wajukuu wasifukuzwe, mjini kinapatikana kwa sertifika. Inachosha kuifuatilia, najua. Anzeni tu.

Muzee aambiwe na mwanawe, akili zikiwa bado timamu, na aambiwe yote, barabara, alama na chokaa. Atakasirika, na ana haki. Akishatulia, mumwulize mwenyewe anataka kulala wapi, kisha mfanye hivyo mahali panaporuhusiwa. Floribert akikataa hadi Jumapili, basi muzee umwambie wewe, na usiondoke mbele yake mpaka atakapokuwa na la kusema.

Kuhusu ndoa yako: mwanaume huweza kumsamehe mke aliyemharibia mpango, hata ikichukua mwezi wa kununa. Lakini muzee akishalazwa pale kwa uongo, Floribert hatakuwa na mtu wa kumwomba msamaha.