Mwalimu Mgeni wa Hesabu

Korogwe, Alhamisi, baada ya chakula cha usiku

Leo tena walimu wamenyamaza nilipoingia chumba chao saa ya chai. Chuo Kikuu kimeniazima hapa chuo cha ualimu kwa muhula mmoja, nifundishe hesabu. Kati ya walimu, mwanamke ni mimi peke yangu, na Mhindi ni mimi peke yangu.

Mzee Shekiondo, anayefundisha siasa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, kwenu unarudi lini?"

"Jumamosi, mzee, nikipata basi la Handeni."

"Aa, nilikuwa nauliza India."

India sijawahi kufika. Baba alizaliwa nyuma ya duka letu pale Handeni, na mimi vilevile. Ningeweza kumwambia hivyo. Nikamaliza chai nikaenda darasani.

Mchana mkuu wa chuo akaniita. Anataka nibaki moja kwa moja, maana wasichana sasa wanachagua hesabu. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Furaha haikufika hata jioni. Kaka ameshapanga safari ya Uingereza, tuhame sote mwezi ujao. Mama bado sijamwambia kwamba siendi. Nitamwambia Jumamosi, sijui nitaanzaje...

Wakishaondoka, Handeni nitabisha hodi kwa nani?