Kwa Mzee Waya, Ambaye Hakuwahi Kufunga kwa Plastiki

Mwaka umetimia tangu utuache, Baba, na jambo la kwanza tunalotaka ulisikie ni habari ya kipande cha mkanda wa plastiki, ile ya kufungia vitu. Cheusi, kifupi kama kidole, kimekatika. Kilikuwa mezani karakanani, kando ya kapi lililoanguka. Nilikiona kabla sijasikia mtu yeyote akisema neno.

Wewe na plastiki wapi na wapi! Suruali yako ilipokatika kifungo uliifunga kwa waya. Mlango wa banda la kuku, waya. Miwani yako, waya. Mama alisema ipo siku atakuta hata chai imefungwa waya. Ndiyo maana karakana nzima ya mashua walikuita Mzee Waya, nawe ukaitika kwa furaha.

Wasiojua kazi yako wasikie kidogo. Mashua ndogo ya mashindano ina tanga moja kubwa la rangi, linalojaa mbele kama puto. Kamba ya kulipandisha hupita kwenye kapi linaloning'inia kileleni mwa mlingoti. Kapi hilo hushikwa na pete ya chuma, na pete hufungwa kwa pini ya kuzungusha. Mashua ikitikisika, pini hulegea. Wewe hukukubali ilegee. Ulipitisha waya kwenye tundu la pini, ukausokota kwa koleo, kisha ukakunjia ncha ndani, "isije ikachana tanga la mtu." Mwisho ulipapasa kwa dole gumba na kusema neno moja tu: "Imo."

Hukuwahi kumfokea mtu. Mkasi, uliyemfundisha kazi tangu hajui kushika koleo, ulimgawia chakula chako kila alipokuja bila chake, na hiyo ilikuwa karibu kila siku. Nyumbani ulisema huna njaa. Mama alijua.

Baada ya mazishi yako, mlingoti wa mashua ya daktari wa meno ulishushwa ili upakwe rangi. Aliyelifungua kapi ni Mkasi. Aliyelirudisha ni Mkasi. Siku ya mashindano, watu wamejaa, pini ikachomoka, kapi likashuka, tanga likaanguka majini, mashua ikalala ubavu, na daktari wa meno akapoteza jino la mbele. Tunajua hapo ungecheka. Ungempa pole kwanza, kisha ungekuja kucheka nyumbani.

Lakini sikia walivyosema waliporudi karakanani, nami mpika chai wao nimesimama palepale na birika mkononi.

"Hii kazi ya Mzee Waya," Mkasi alisema. "Macho yalishakwisha, jamani. Tulikuwa tunamstahi tu."

"Mungu amrehemu," daktari akajibu, leso mdomoni, "lakini mzee wenu nusura anizamishe."

"Lakini huo mkanda uliofungia pini..." nikaanza.

"Binti, mimina chai," Mkasi akasema.

Nikamimina.

Tangu siku hiyo kitu chochote kikianguka karakanani, bisibisi au kikombe, wanapiga kelele, "Waya huyo!" na kuangua kicheko. Vijana wapya ambao hawakukuona wanalijua jina lako kwa hilo tu. Jina ulilopewa kwa kufunga vitu visianguke! Mama amelisikia akipita nje ya lango. Alirudi nyumbani akaketi jikoni, hakuwasha moto. Kaka alitaka kwenda kuwapunguza meno na wao, tukamshika. Ndiyo maana tangazo hili nimeachiwa mimi niliyeishia darasa la tano, maana Kaka angejaza matusi matupu.

Basi tunasema hadharani. Mkasi, ulikula chakula chake, sasa unalila na jina lake. Ungesema umekosea, tungekupa pole kama tulivyompa daktari, na yangeisha. Mtu hukosea. Lakini kumtwika marehemu mzigo wako kwa kuwa hawezi kuingia mlangoni akakujibu, hilo hatulikubali. Marehemu ana watu wake. Na ninyi mnaocheka, huo mkanda mweusi nyote mliuona. Nani kati yenu aliwahi kumwona mzee ameshika plastiki?

Anakukumbuka Mama, ambaye bado hajaufungua ule waya wa miwani yako. Anakukumbuka Kaka na mkewe, na Shangazi, aliyekuwa akigombana nawe kila Jumapili na sasa hana wa kugombana naye. Wanakukumbuka wajukuu wanaonyang'anyana koleo lako. Nakukumbuka mimi, kitinda mimba wako. Hutatutoka moyoni, Baba, wala jina lako hatutaliacha chini.

Limebaki neno ambalo sijamwambia hata Mama. Macho yako yalikuwa yamekwisha kweli. Uliniambia, "Wakijua, watanipa ufagio." Kwa hiyo milingoti ilipolazwa juu ya mabenchi, na watu wakadhani nimekuletea chai tu, mimi ndiye niliyekuwa nikisokota waya. Hata kapi lile, kabla Mkasi hajaligusa, nililifunga mimi, kwa mikono hii. Wewe ulipapasa kwa dole gumba, ukasema, "Imo."

Ilikuwemo, Baba.