Kinanda Kilichoanikiwa Ndengu

Baba Kathini,

Uji wa watoto uko kwa sufuria, uwape kabla waanze kulia. ~~Chai yako iko kwa themosi.~~ Chai nimebeba.

Nimetangulia kanisani Mbooni na boda. Kinanda changu cha mpira nimekikunja kama mkeka nikatia kwa mkoba, baada ya kukipangusa vumbi. Asubuhi nakitafuta nifanye mazoezi, kumbe umekitandaza uani umeanikia ndengu! Nakuuliza, unasema, "Si ni kamkeka tu?" Na badala ya kufukuza jogoo aliyekuwa akidonoa, ukakiwasha kilie kila akidonoa, ukamwita jirani Nyamai aje aone "mwalimu mpya wa Mama Kathini". Mkacheka mpaka mkashika mbavu. Mimi nimesimama hapo.

Sawa. Ndengu nimezimwaga chini, jogoo nimemwachia.

Usichelewe kanisani. Nimeshamwambia pasta utaimba peke yako mbele ya wageni, vile umekuwa ukijigamba na hiyo besi yako. Vibonyezo viwili havilii tena, lakini kile cha kupandisha wimbo juu kiko sawa kabisa. Nitakibonyeza kila ubeti.

Leo wewe ndiye utawika.

Mama Kathini