Njia ya Kamanga Iko Wazi

Mirongo, Mwanza
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, na kuku wako hawajahamia zahanati. Mimi sijambo, alhamdulillah, ila joto la mji huu linanionea. Binamu Bushra anavuka leo na kivuko, nimemkabidhi hii mkononi, maana kwenye simu hukawii kunicheka na kubadilisha mazungumzo.

Ile mashine ndogo ya mtandao niliyoifunga hapo zahanati inakwenda vizuri tangu uliponiahidi kutoifunika. Bado nacheka. Nilihangaika wiki nzima kutafuta kwa nini njia inakatika kila mchana, nikabadilisha nyaya, nikalaumu mtandao, mwisho nikavuka ziwa. Kumbe umeivalisha kitambaa ulichofuma mwenyewe, na maua yake, inachemka humo ndani. Ukaniambia kitu cha kazi hakiwezi kukaa uchi mbele ya wageni.

Siku ile uliniuliza pia kwa nini njia hufa ikikaa kimya, nami nikakujibu harakaharaka. Ni hivi: vipimo vya wagonjwa wako vinapita kwenye mtandao wa watu wote, lakini ndani ya njia yetu ya faragha, yenye funguo zake, visisomwe na mtu hadi vimfikie Daktari Rebeka huku mjini. Njia ikinyamaza sana, mitambo ya katikati hudhani imeachwa, huifunga. Kwa hiyo nimeziagiza mashine ziwe zinaulizana kila mara. Ya kwangu inauliza, "Upo?" Ya kwako inajibu, "Nipo." Hazina habari nyingine.

Sasa Mama, wiki hii umenipigia kila siku kuuliza kama njia iko wazi. Miaka yote hukuwahi. Ikikatika ulikuwa unanuna tu na kunisubiri. Jana nikamuuliza daktari kuna mgonjwa gani wa haraka hivyo huko Kamanga. Akaangalia pembeni, akasema siri za wagonjwa si zake kuzitoa, halafu akaniambia niende nikakusalimie.

Nilirudi kwenye kiti changu. Funguo za pande zote mbili ninazo mimi, unajua. Nilikuwa nimeshaandika jina lako kwenye kompyuta nitafute vipimo vyako, bado kubonyeza tu. Niliogopa, Mama, nikalia. Lakini wewe ndiye uliyewaahidi wanawake wa Kamanga kwamba vipimo vyao hata binti yako havisomi. Nikalifuta.

Kwa hiyo sijui una nini. Najua tu kwamba ni wewe. Majibu yako yatapita salama, njia nitailinda mwenyewe. Jumamosi navuka. Usipike, usifagie, wala usiniambie chochote kama hutaki. Nitakaa tu jikoni nawe.

Nisalimie shangazi Mwaija na majirani wote. Bushra anarudi kesho, mpe neno moja tu aniletee. Nami nauliza kama ile mashine yangu: upo?

Mwanao akupendaye,
Najat