Fasi Yangu ya Kuvuta Pumuzi

Bulengera, Butembo

Mama yangu mupenzi,

Kama barua hii imekukuta umekaa mbele ya mulango unachagua mawe mu muchele, weka sahani chini kwanza, tusalimiane. Wavukire! Ndivyo banasalimiaka hapa asubui, na siku hizi inanitoka yenyewe mu kinywa. Mwili unasemaje? Lile goti linakuacha ushuke mpaka ku muto? Na Papa, angali anabishana na redio yake? Miye niko salama. Baridi ya hapa haikuniua. Ile tricot yenye ulinitumia naivaa juu ya ingine, na banafunzi banasema mwalimu amenenepa. Fufu nimezoea, na samaki ya Kyavinyonge ni tamu, nisiseme uongo. Ila muchele wa kwetu, Mama, ule naulilia.

Ku telefone uliniuliza maneno mbili, réseau ikakata mbele sijajibu. La kwanza: ni kweli miye, mwalimu muzima wa Leta, wa serikali, niko nacheza michezo ya telefone? La pili: Papa mudogo anaweza kunitafutia mutation ku bureau yao pale Kindu, nihamishwe, nirudi nyumbani, na ungoje nikuambie ndiyo. Haya maneno mbili yako na jibu moja. Kaa muzuri, nikueleze.

Jirani zangu hapa ni bwana na bibi, Kambale na Masika. Kambale alitengeneza muchezo wa telefone. Unaendesha moto, ndiyo pikipiki, unabeba abiria, unatoka Butembo unaenda Beni, na matope, na mvua, na mbuzi zenye zinakataa kutoka mu njia. Batu bengi banacheza pamoja kupitia Internet, mumoja yuko Beni, mwingine Goma, banapitana mu barabara ile ile. Na mu muchezo, hapana kama ile ya kweli, barabara ni salama mpaka mwisho. Kambale anasema ndicho kitu cha kwanza alichoandika.

Muziki bakaniachia miye, juu nafundishaka informatique, mambo ya kompyuta, na kwetu nilikuwa naimba chorale. Masika anaimbaka mu chorale ya bamama ya kanisa letu, yenye inaongozwa na Mama Kavira, mwanamuke asiyesema mingi, lakini akikuangalia tu unarekebisha kitambaa ku kichwa. Toka nilifika hapa nilikuwa nakaa ku benchi ya nyuma, mugeni wa Maniema, banaimba Kinande na miye nachezesha midomo tu. Nililia mara mingi, sikukuambia. Basi Mama Kavira akakubali tuchukue wimbo wao wa kuingia, ule banaimbaka batu bakiwa banaingia kanisani, na haukatikake mpaka mutu wa mwisho amekaa. Alituomba neno moja tu: tusiukate.

Kambale aliurekodi vizuri sana. Lakini fichier, ile faili ya sauti, ilikuwa WAV, ile yenye inachunga sauti yote bila kupunguza kitu, na ni nzito kama gunia ya muhogo mubichi. Mutu wa Beni mwenye réseau ya kujikokota angengoja mpaka mégas zake za Internet ziishe, na moto haijawaka. Donc tukaigeuza MP3. MP3 kila mutu anaijua, ni nyepesi. Na kwa sababu machine ya Kambale, kompyuta yake, ilikuwa imejaa, akafuta ile WAV. Alisema wimbo tayari tunao, ya nini kuubeba mara mbili. Masika alinuna, lakini hakusema kitu.

Siku ya Mungu moja, ibada ikiisha, tukabasikilizisha bamama mu salle ya kanisa. Sasa ujue, mu muchezo wimbo unazungukaka: ukifika mwisho unaanza tena, juu hakuna mwenye anajua mutu atakaa ku moto mpaka saa ngapi. Na MP3 iko na tabia yake, inaongezaka kimya kidogo ku mwanzo na ku mwisho. Wimbo ukipigwa mara moja, husikii. Ukizunguka, unasikia shimo. Na mu kanisa letu hapa, wimbo ukinyamaza batu banajibuka Amina. Basi wimbo ukafika mwisho, kimya, salle nzima ikasema Amina. Ukaanza tena, kimya, Amina. Mama mumoja tayari alikuwa amefunga macho anangoja maombi. Ukaanza tena. Batoto bakaanguka chini kwa kicheko, na miye nilicheka mpaka machozi, Mungu anisamehe.

Mama Kavira hakucheka. Alisimama, akakaza kitambaa chake.

"Niliomba neno moja tu," akasema. "Muturudishie wimbo wetu."

Akatoka. Kicheko kikanikauka palepale.

Ni Masika alinifungulia maana yake njiani. Hapa kulikuwa miaka batu banakimbia vita, banafika kanisani kwa kuchelewa, bamechoka, bengine na mizigo ku kichwa. Bamama balikataa kukata wimbo wakati mutu angali njiani. Donc balijipangia namna ya kupumua: kila mumoja iko na fasi yake ya kuvuta pumuzi, na yeye akivuta, jirani yake anashika. Hababadilishake. Na sisi, na ka-MP3 ketu, tulikuwa tunafungia batu mulango. Mama, nilisikia haya mpaka ku mifupa. Niliona benchi yangu ya nyuma nayo inaniponyoka.

Nikaanza kutafuta. Kuko format ingine, OGG. Ni nyepesi kama MP3, lakini haiongezake kimya, mwisho wake unashikana na mwanzo. Telefone fulani zinaikataa, na kwa zile unaweka kopi ya M4A na kuambia muchezo uruke kimya chake. Nikageuza ile MP3 yetu kuwa OGG. Bure kabisa. Shimo likaingia pamoja nayo, na sauti iliyokwisha kupunguzwa ikapunguzwa tena, bamama banasikika kama bako ndani ya debe. Ilihitaji ile ya kwanza, ile nzito, na hiyo Kambale alikuwa amefuta. Sasa alikuwa anatembea hapa mu lupango, mu kiwanja chetu, mikono ku kichwa, na Masika, ndiyo, sasa alisema.

Hakuna ingine dawa ila bamama baimbe tena. Nikaenda miye mwenyewe kwa Mama Kavira. Nilimukuta anapepeta maharagi. Nikamweleza yote, MP3 na shimo lake, sikuficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema haiwezekani: Mama Katungu ameshuka Kyavinyonge kununua samaki, hatarudi karibuni, na fasi yake ikibaki wazi, shimo litakuwa la chorale yenyewe, hapana la machine.

Sijui nini ilinisukuma. Nikamwambia: miye najua penye Mama Katungu anavutaka pumuzi, na penye anashikaka. Ni kweli, Mama. Miezi yote ile ku benchi ya nyuma, maana ya maneno siijui, nilikuwa nasikiliza pumuzi tu. Akaniambia niimbe. Nikaimba. Akaniangalia, kisha akacheka, mara ya kwanza nimuone meno.

"Kinande chako ni cha kuvuka muto," akasema. "Lakini unapumua muzuri."

Tukaimba tena mu salle, na miye kati yao, fasi ya Mama Katungu. Safari hii WAV tuliichunga kama cheti cha ndoa: ingine mu machine, ingine mu flash, na ingine Masika aliifungia mu sanduku lake na funguo anayo yeye. Ndani ya hiyo tukatoa OGG.

Kisha Mama Kavira akaenda kumuona binti yake Beni. Akasema mwenyewe atausikiliza kule, mu telefone nzee ya binti yake, na réseau ya kule. Sisi tulikuwa hapa, tumekaa kuzunguka telefone ya Kambale, Mama Kavira ametuita na yake, tunasikia kule mbali binti anafungua muchezo. Moto ikawaka. Wimbo ukaanza, ukafika mwisho, ukapita. Ukazunguka tena, ukapita. Kwa nyumba ile hakuna aliyejibu Amina. Mwisho tukasikia binti anauliza kama umeisha.

"Bado," Mama Kavira akamujibu. "Batu bangali banaingia."

Kambale akageukia dirisha. Mama Kavira akashika telefone, akaniita kwa jina, jambo hakuwahi kufanya. "Wasingya, Furaha," ndiyo kusema asante. Akaendelea polepole: Katungu akirudi, atarudi fasi yake. "Weye utasimama pembeni yangu. Miye nazeeka, pumuzi inapunguka. Nikivuta, weye shika."

Donc umwambie Papa mudogo asante ya moyo wote, na asihangaike na mutation kwa sasa. Si kama nimekusahau. Nakukumbuka kila nikipika, na likizo kubwa nitakuja, unichoshe na muchele. Mais hapa kuko mutu mwenye akivuta pumuzi anategemea miye. Niko na furaha, Mama. Sikufikiri nitaandika hivyo nikiwa mbali na weye.

Barua hii naiweka mu mikono ya mwalimu mwenzangu, anapanda ndege hapa Rughenda kesho. Ndani yake kuko carte mémoire ndogo, wimbo wetu uko humo, usiitupe na karatasi. Nisalimie Papa, na Koko Feza mwenye alinifundisha kuimba, na kaka yangu, yaya Justin, na muke wake, na uguse kichwa cha katoto kao kapya kwa ajili yangu. Yaya aweke carte mu telefone yake, mukae mote musikilize. Musijibu Amina, mutachoka. Na bamama bakianza kupumua, utasikia chini kidogo sauti moja yenye haijui Kinande muzuri, imeshika, haiachi. Ni miye, Mama.

Mutoto wako,
Furaha