Nani Sasa Atanikanyaga Mguu

Wajina wangu,

Umenikomoa. Siku zote ulisema nitatangulia mimi kwa sababu ya presha yangu, na mimi nikakubali, hata nguo ya kuzikiwa nikaiweka tayari. Sasa wewe mzima ndiye umelala nyuma ya migomba, na mimi mgonjwa ndiye nimebaki kuanika mawe ya redio juani ili yapate nguvu. Haya, umeshinda.

Mpunga umeiva hapa Usevya. Ndege wanakula upande wako, maana wanao walirudi Mpanda mjini kwenye biashara zao mara tu baada ya matanga. Mlango wako wameufunga kwa kamba. Bado nikipita asubuhi naita, "Wajina, umeamkaje?" Halafu najiona mjinga, naenda zangu.

Redio ipo. Ile ile tuliyopewa na zahanati ili sisi wazee tusikilize kipindi cha afya. Tulikuwa tunakisikiliza kwa kugawana: wewe masikio, mimi macho. Mtangazaji akisema, unanirudishia kwa Kipimbwe karibu na sikio langu hili lenye nafuu, kwa sauti ya kufukuza mbuzi. Karatasi za dawa zikija, mimi niliyepita kisomo cha watu wazima nakusomea, maana wewe ulisema herufi zinakutembelea kama siafu. Watu walitucheka, eti mabibi wawili, kichwa kimoja. Acha wacheke, vidonge vyetu tulivimeza sawasawa.

Basi juzi kaja nesi mpya, binti mpole, anaitwa Tekla. Anapima wazee. Siyo presha, anapima kama yale tunayoyasikia redioni tunayaelewa na tunaweza kuyatumia. Akasema wazi kwamba redio itabaki kwa mzee anayeweza, na asipoweza itahamia Kasansa, wapo wazee wengine wanaoisubiri. Wajina, hiyo redio ndiyo pekee inayosema ndani ya nyumba hii. Ikiondoka nitabaki na kuku.

Boksi la vidonge nilimsomea lote, hata akacheka kwa furaha. Kisha akafungulia kipindi. Nilisikia "chumvi," nikasikia "vidonge," kwingine kote ni mvumo wa nyuki. Akainama akaniuliza: mtu wa presha akijisikia nafuu, aache vidonge? Na wewe unajua sisi tulivyo. Mgeni kaja kwako, kakuuliza kwa heshima, utamwambiaje kwamba hukuelewa? Utamvunja moyo. Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu," nikatabasamu.

Zamani hapo ungenikanyaga mguu. Ulikuwa unanikanyaga kwa kisigino mbele ya mgeni, uso umeukausha kabisa, na mimi najua nimekosea, nageuza haraka: "Yaani, hapana, mwanangu." Safari hii pia nilingoja. Kweli tena, nilikaa pale nikingoja kisigino chako. Mguu ukabaki hivyo hivyo.

Nesi hakunigombeza. Alinisogelea akasema kwa nguvu, "Bibi, vidonge haviachwi. Ukiacha, presha itakuangusha." Kumbe! Ningekufuata kwa heshima za bure.

Likabaki swali la mwisho: usipoelewa, unamuuliza nani? Hilo nililisikia vizuri. Nikajibu hata hajafunga mdomo, "Wajina wangu, Kristina." Akafurahi, maskini, mgeni wa watu, hajui habari za hapa. Akasema, "Mwite basi, bibi, na yeye nimpime."

Nikafungua mdomo kukuita. Nilifungua kweli, wajina. Kisha nikalia mbele ya mtoto wa watu kama mtu asiye na adabu. Nililia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile tulikuwa wengi.

Alikaa na mimi mpaka chai ikapoa. Redio ameniachia mpaka atakaporudi baada ya mavuno, ila anataka anikute na mtu wa kumuuliza. Nimezunguka kichwani nyumba zote, nimebakiwa na Mama Yoranda, yule uliyemwita redio ya pili kwa kusema kwake. Usinune. Masikio anayo. Nimekwenda mwenyewe kumwomba aje siku za kipindi, na nimemwambia aje na kigoda chake. Chako nimekigeuza miguu juu, hakikaliwi.

Pumzika sasa. Nakuahidi vidonge sitaacha hata nikijisikia msichana, na mgeni akiniuliza nisichokielewa nitamwambia sikuelewa, akivunjika moyo shauri yake. Mama Yoranda nimemwonyesha na mahali pa kukanyaga. Jana alijaribu. Anakanyaga kwa woga, hata sikusikia kitu.

Ni mimi, wajina wako,
Kristina