Chipukizi wa Ishirini na Sita

Jumatatu, 19 Januari

Kumi wa kwanza wamekaa. Kumi wanaofuata, karibu. Chini ya hapo ni vurugu tupu.

Klabu ya besiboli ya hapa Toronto ina vijana wengi kwenye ligi ndogo, wote wanasubiri kuitwa timu kubwa. Kila Januari nachagua thelathini na kuwapanga, bora kwanza. Tovuti inanilipa kwa hilo. Tangu asubuhi ni video. Chai imepoa mara mbili. Nje theluji, malori ya maghala ya Downsview yananguruma. Sijatoka.

Jotham sijamgusa. Mrushaji, mtoto wa kaka yangu Onesmo. Mwaka jana nilimweka namba nne. Leo nimemruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Jumatano, 21 Januari

Nimemtazama. Mechi zake zote za mwisho wa msimu.

Kasi imeshuka. Mpira uliokuwa ukikata kona sasa unanyooka katikati, hata wapigaji wabovu wanauona mapema. Si jeraha. Madaktari wa klabu wamempima, mzima. Ndiyo mbaya zaidi, jeraha lingekuwa sababu. Anaogopa. Kabla ya kila mpira anaangalia benchi, kama mtoto anayemwangalia mwalimu mwenye fimbo.

Nilimwomba mhariri wangu, Darren, ampe mtu mwingine aandike kuhusu Jotham. Anajua ni damu yangu. Amekataa. Anasema shangazi asiyependelea ndiye wasomaji watakayemwamini. Nilijisikia nimesifiwa. Aibu.

Ijumaa, 23 Januari

Ishirini na sita.

Nilijaribu kumi na nane: uongo. Ishirini na mbili: huruma. Ishirini na sita ndiyo haki yake.

Kila kijana anaandikiwa aya moja. Ya Jotham ilikuwa kavu mpaka ikaja sentensi moja, ilikuja kwa Kiswahili, nikaigeuza Kiingereza: mpira wake siku hizi unabisha hodi kabla ya kuingia. Nilicheka peke yangu. Nilijua ni nzuri. Nimeiacha.

Jumapili, 25 Januari

Baada ya ibada, chakula kwa kaka, Regent Park. Wali, maharage, samaki. Kaka hamwiti mwanawe kwa jina tena. Tangu mwaka jana ni Namba Nne. Namba Nne lete maji. Kanisani vilevile, mbele ya mchungaji. Orodha yangu ameichapisha na kuitia fremu, ameitundika sebuleni palipokuwa na picha ya harusi yake.

Jotham alinisaidia kuosha vyombo. Hakuuliza kitu. Nikamwambia mwenyewe, bomba likiwa wazi: "Umeshuka. Sana."

Alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia hapa, kwamba anajua. Kisha kwa Kiswahili, polepole: "Usimwambie Baba leo, Shangazi. Mwache ale."

Sikumwambia. Kaka alikula vizuri.

Alhamisi, 29 Januari

Imetoka asubuhi. Kufika mchana ile sentensi ilikuwa kila mahali. Mtu ametengeneza video: Jotham anarusha, mlango unagongwa, ajuza anafungua na kuupokea mpira kwa mikono miwili. Watu wamecheka sana. Darren amenitumia emoji za makofi.

Kaka alipiga. Hakusalimia.

"Agripina. Ishirini na sita?"

"Ndiyo, kaka."

"Damu yako mwenyewe."

"Ndivyo alivyo, kaka. Sikuongeza, sikupunguza."

"Na hiyo hodi? Hiyo hukuiongeza?"

Akakata kabla sijajibu.

Jumapili, 1 Februari

Wifi Edina, mke wa kaka, amenieleza kwenye ngazi za kanisa bila kunitazama usoni. Fremu imeshushwa. Jana mezani Jotham alipovuta kiti, kaka akasema: "Ishirini na Sita amekuja kula. Mpeni kidogo, wapo ishirini na watano mbele yake hawajashiba." Tumaini, binti yao mdogo, alicheka. Alidhani ni utani. Kaka akairudisha sahani ya Jotham jikoni kwa mkono wake mwenyewe.

Ndivyo ilivyo kila siku sasa. Ishirini na Sita zima taa. Ishirini na Sita sogea.

Nilisema kaka ana roho mbaya. Edina akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Ungemwacha nje ya orodha kabisa, wifi. Angebaki na jina lake."

Nimerudi nyumbani na hasira. Sijui ni juu ya nani.

Jumapili, 22 Februari

Jotham ameondoka kwenda kambi ya maandalizi, Florida. Kaka amekataa kumpeleka uwanja wa ndege. Alikaa mbele ya televisheni, hakugeuka hata mwanawe alipoaga. Nimempeleka mimi.

Karibu na kufika nikamwambia: namba siiombei radhi, ile sentensi naiombea.

"Ilichekesha," alisema. Yeye hakucheka.

Alibeba mabegi yake mwenyewe. Hakunikumbatia. Nilistahili.

Jumatano, 11 Machi

Florida, kikazi. Joto, nyasi, harufu ya mafuta ya jua.

Nimeingia chumba cha kubadilishia nguo na waandishi wengine. Jotham akapita kwenda kwenye kabati lake. Kijana mmoja akagonga mlango wa kabati. Ko, ko. Akafuata mwingine. Kisha safu nzima, ko ko ko, mpaka alipokaa. Kocha msaidizi naye akagonga meza. Mchezaji niliyemweka namba mbili akanitambua, akaja kunipa mkono: anasema wanafanya hivyo kila asubuhi, sentensi bora ya mwaka. Jotham alikuwa anatabasamu kama wao. Tabasamu la mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mchana akarusha. Kila kitu nilichoandika kilikuwa kweli. Mpigaji wa kwanza aliupeleka mpira nje ya uzio. Wa pili vilevile. Wa tatu, kabla hajapiga, aligonga kofia yake ngumu kwa fimbo ya kupigia. Ko, ko. Benchi zima likaangua kicheko. Kisha akapiga.

Nilikuwa sahihi. Nilisikia raha kidogo, hapa kifuani. Nimeiandika kwa sababu humu sina wa kumdanganya.

Jioni nilimtafuta hotelini kwao. Hakushuka.

Ijumaa, 27 Machi

Wamemtema. Meneja alimwita asubuhi, akamshukuru, akampa tiketi ya ndege. Jotham ameniandikia mimi kwanza: "Wameniacha, Shangazi. Sijui nimwambieje Baba."

Nimempigia kaka. Akasema: "Asije hapa. Mwambie hapa hatuna nafasi ya asiye na namba."

Nimemtukana kaka yangu. Mkubwa wangu, aliyenilipia nauli ya kuja nchi hii. Nimemwambia neno ambalo mama yetu angeninyima chakula kwa ajili yake. Akaniambia: "Mimi nilisoma tu, Agripina. Wewe uliandika." Tukakata, sijui nani alitangulia.

Darren anataka jina liondolewe kwenye orodha kabla ya jioni. Nimebonyeza mara moja. Wote waliokuwa chini yake wakapanda.

Jumapili, 29 Machi

Nimempokea uwanja wa ndege. Alitoka wa mwisho. Gari lilipopita njia ya kwenda Regent Park bila kukata kona, aliangalia dirishani, hakuuliza. Ina maana alishajua. Labda kaka alimwambia mwenyewe, kwa maneno yale yale.

Sebuleni kwangu aliuliza kitu kimoja: kama nina shuka la ziada.

Jumamosi, 4 Aprili

Jua. Theluji imebaki kwenye kivuli cha maghala tu, nyeusi.

Edina amekuja na Tumaini. Alileta ugali na samaki, migebuka ya kukaanga, vimefungwa kwa taulo visipoe. Alikaa karibu na mwanawe akamtolea miiba, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili. Jotham akamwachia.

"Baba yuko wapi?" aliuliza.

"Kazini," Edina alisema.

Jumamosi kaka hafanyi kazi. Tumaini aliangalia sahani yake. Tuliendelea kula.

Mlangoni Edina alinishika kiwiko, akakiacha. Nimeshukuru.

Jotham amesinzia kwenye kochi na viatu vyake. Mkono wa kulia, wa kurushia, ulikuwa umening'inia mpaka zuliani. Nimeuinua taratibu nikauweka kifuani pake. Sikujua kama ni mzito hivyo. Hakuamka.